Waliwaita askari wa chokoleti: vita vya Kokoda 1942, kwa jicho la mbeba mizigo

#1 Mgumu Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Humu kila wiki kuna uzi wa Stalingrad na Normandy, tumeshazikariri kama wimbo wa shule. Leo naleta vita ambayo kwetu huku huisikii kabisa: Kokoda, huko Papua, kwenye kisiwa cha New Guinea kaskazini mwa Australia, mwaka 1942. Waaustralia dhidi ya Wajapani kwenye njia ya miguu ya kilomita 96 inayokatiza milima ya Owen Stanley. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Kwanza mjue kwa nini mimi. Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka tisa kabla sijapata leseni ya kuongoza wageni. Mlimani sisi wapagazi tunaitwa wagumu. Sasa Aprili moja, masika yamekolea, tulikuwa na mzee wa Kiaustralia njia ya Machame, tumelala Barranco. Tarehe 25, saa kumi na moja alfajiri, mvua inapiga, mzee akatoka hemani akawaomba wagumu wasimame naye mstari mmoja. Wageni wenzake aliwaacha walale, alituita sisi. Akasimama kimya, kofia mkononi, maji yanamchuruzika shingoni. Alipomaliza akamimina ramu kidogo kwenye kahawa, kikombe kikaanza kuzunguka. Mpishi wetu ni mlokole: alikipokea, akakinusa, akampa jirani.

Baadaye wakati wa chai akatueleza. Aprili 25 ni siku yao ya Anzac, wanakumbuka majeshi yao yalivyotua Gallipoli, Uturuki, mwaka 1915. Ila yeye alikuwa anamkumbuka baba yake, ambaye alipigwa risasi ya paja kule Kokoda akashushwa milimani kwa machela. "Waliombeba," akasema, "walikuwa wanafanya kazi yenu hii."

Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichokipata. Nakuja na sehemu ya kwanza, ngoja nimalize kula.

#2 Kobe wa Pwani

Nimeshachukua siti ya mbele. Weka nyama mkuu.

#3 Mtoa Hoja

Hiyo "askari wa chokoleti" kwenye kichwa cha uzi isije ikawa chai tu. Tunasubiri.

#4 Mgumu Mstaafu

@Mtoa Hoja si chai, ndugu yangu. Iko hivi.

Australia ya wakati ule ilikuwa na majeshi mawili kwa mpigo. Kulikuwa na wale wa kujitolea, waliokubali kupigana popote duniani, na hao walikuwa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Halafu kulikuwa na wanamgambo, vijana walioitwa kwa lazima, ambao kisheria hawakuruhusiwa kupelekwa nje ya ardhi ya Australia. Wakongwe wakawadharau, wakawaita askari wa chokoleti, kwa maana kwamba jua likiwaka watayeyuka.

Tatizo likaja hapa: Papua ilikuwa chini ya Australia. Kwa sheria hiyo hiyo Papua ilihesabika nyumbani. Kwa hiyo batalioni ya 39, vijana wa jimbo la Victoria, wengi wana miaka 18 au 19, wakapakiwa melini hadi Port Moresby. Kule wakawa kuli. Walishusha mizigo bandarini, walichimba mitaro, mafunzo ya vita ya kuungaunga. Sare zao zilikuwa za kaki, za jangwani, na wanakwenda kupigana kwenye msitu wa kijani kibichi.

Julai 21, 1942 Wajapani wakatua pwani ya kaskazini, upande wa Buna na Gona. Shabaha yao ilikuwa Port Moresby, upande wa pili wa milima. Mwezi Mei walijaribu kuifikia kwa bahari, wakazuiwa kwenye vita ya Bahari ya Matumbawe. Sasa wanakuja kwa miguu, na aliyesimama njiani ni chokoleti.

Siku nane tu baadaye kamanda wa batalioni, Luteni Kanali Owen, alipigwa risasi ya kichwa akiwa mstari wa mbele pale Kokoda kijijini. Vijana wakarudi nyuma. Wakajaribu kuirudisha Kokoda Agosti, wakashindwa kuishikilia. Agosti 16 akafika kamanda mpya, Ralph Honner, aliyewahi kuwa mwalimu, akawakuta kijiji cha Isurava wamechoka na wana njaa, wanachimba mahandaki kwa kofia za chuma na makopo kwa sababu majembe hakuna.

#5 Bibi Mkorofi

Hapo kwenye kuchimba kwa kopo nimewaona wanangu. Haya, halafu?

#6 Kobe wa Pwani

Mkuu samahani nikukatishe kidogo. Wajapani walitaka kuivamia Australia kweli? Niliwahi kusikia hivyo.

#7 Mgumu Mstaafu

Waaustralia wengi waliamini hivyo, na si ajabu, maana Darwin ilipigwa mabomu Februari mwaka huo huo. Lakini wakuu wa jeshi la Japani walikuwa wameshalitupa wazo la kuivamia Australia, likawaonekea kubwa mno. Walichotaka ni kuikata isiwasiliane na Marekani, na Port Moresby ingewapa uwanja wa ndege wa kufanyia kazi hiyo. Kijana aliye handakini Isurava hakuwa na habari hizo. Yeye alijua nyuma yake kuna mama yake.

Isurava sasa. Agosti 26 Jenerali Horii akaanza kushambulia kwa nguvu. Vitabu vya zamani vinasema kila Mwaustralia alikabiliwa na Wajapani watano au zaidi. Wanahistoria wa karibuni wamehesabu upya na kuona idadi zilikaribiana kuliko hadithi inavyodai. Mimi hiyo hainipunguzii kitu, maana Mjapani alikuwa na mizinga midogo ya mlimani aliyoibeba vipande vipande, na Waaustralia mizinga yao ilibaki chini, haikupandika.

Wakongwe wa kujitolea, batalioni ya 2/14, walianza kufika siku hiyo hiyo kuwapokea chokoleti. Kwa mpango, chokoleti walitakiwa waondoke. Hawakuondoka. Kulikuwa na wagonjwa na majeruhi 30 ambao Honner alishawarudisha nyuma. Wako njiani, wanajikongoja, wakasikia batalioni yao imebanwa. Ishirini na saba wakageuka wakarudi vitani. Watatu waliobaki, mmoja hana mguu kutoka kifundoni, mmoja mkono umekatika, mmoja ana risasi kooni.

Soma hiyo tena taratibu.

Agosti 29 ndiyo siku ya Bruce Kingsbury, kijana wa Melbourne aliyekuwa akifanya kazi ya kuuza nyumba na viwanja. Wajapani walikuwa wamepenya mstari, wanakaribia kuifikia makao makuu ya batalioni. Kingsbury akachukua bunduki rashasha aina ya Bren, akaishika kiunoni, akatoka mbio huku anafyatua, akateremka nayo kwenye mteremko, akawafurusha. Aliposimama kubadili pumzi, mdunguaji aliyekuwa juu ya mwamba akampiga. Rafiki yake wa tangu utotoni, Alan Avery, alikuwa karibu. Akambeba mpaka kwa daktari lakini alikuwa ameshakata roho. Alipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza, akiwa kaburini.

Usiku huo huo Luteni Butch Bisset alikuwa anakufa kwa risasi za tumboni. Ndugu yake Stan, ofisa wa batalioni hiyo hiyo, alikaa naye pembeni ya njia kwa saa kama sita, wanaongea habari za nyumbani, hadi alfajiri alipokata kauli. Stan akamzika, akaendelea na kazi.

#8 Mtoa Hoja

Mkuu nimefuta neno chai. Ila nina swali la kichokozi. Mbona mwisho wa siku walirudi nyuma? Ushujaa gani wa kurudi nyuma?

#9 Mgumu Mstaafu

Swali lako aliliuliza Jenerali Blamey mwenyewe, mkuu wa jeshi la Australia, na nitakujibu. Lakini kwanza twende kwenye kitu ambacho wapenda vita hawakisomi: mzigo.

Yule aliyesimamia wabeba mizigo, Bert Kienzle, alikuwa na shamba la mpira bonde la Kokoda. Mtu wa hesabu. Hesabu yake ndiyo hii. Mgumu wa Kipapua anabeba takribani kilo 18 (sisi mlimani kikomo chetu kinachopimwa getini ni 20, kwa hiyo najua bega linavyosema). Akibeba chakula kitupu, na yeye mwenyewe anakula humo humo, siku ya 13 mzigo umeisha. Ameumaliza yeye! Hajamlisha mtu. Ukimwambia amlishe na askari mmoja, ni siku sita na nusu. Na njia nzima kutembea ni kama siku nane.

Mnaona? Vita haiwezekani kwa hesabu hiyo. Kadiri Mwaustralia anavyosogea mbele ndivyo anavyozidi kufa njaa, na kadiri anavyorudi nyuma ndivyo chakula kinavyomkaribia. Kwa Mjapani ni kinyume chake.

Ndipo Kienzle akapanda milimani akatafuta ziwa kavu alilowahi kuliona akiwa kwenye ndege. Akalipata mapema Agosti, tambarare ya nyasi iliyozungukwa na msitu, akaiita Myola. Ndege zikaanza kudondosha magunia, tena bila miamvuli, kwa hiyo bati la nyama linafika limepasuka na mchele umetapakaa kwenye matope. Halafu Agosti 17 Wajapani wakalipua uwanja wa Port Moresby, ndege zimepangwa bawa kwa bawa kama daladala stendi. Myola ikakaukiwa.

Kwa hiyo @Mtoa Hoja, walirudi nyuma wakipigana kila kona, na Mjapani alipofika Ioribaiwa katikati ya Septemba, askari wake walikuwa wanakula mizizi. Kutoka kwenye kilima kile waliiona bahari upande wa Port Moresby. Wakaamriwa kurudi, kwa sababu vita ya kisiwa cha Guadalcanal dhidi ya Wamarekani ilikuwa imewalemea wakubwa wao na chakula hakikuwapo. Novemba 2 Waaustralia wakaingia Kokoda bila kupigana. Horii alikufa maji mwezi huo huo akijaribu kutoroka kwa mtumbwi.

Sasa Blamey. Novemba 9, pale Koitaki, aliwakusanya waliosalia wa brigedi ya 21, wanaume waliopigana Isurava na Brigade Hill, akategemewa awapongeze. Akawaambia maneno ya sungura: anayepigwa risasi ni sungura anayekimbia, aliyetulia na bunduki yake hapigwi. Mstari mzima ukachemka, maofisa wakabaki kuwatuliza watu. Inasimuliwa kwamba alipotembelea wagonjwa hospitalini, majeruhi walikaa vitandani wanatafuna majani ya saladi na kuchezesha pua. Kamanda wao, Brigedia Potts, ambaye kurudi kwake nyuma kwa hesabu ndiko kulikookoa Port Moresby, alikuwa ameshaondolewa.

#10 Bibi Mkorofi

Kutafuna saladi nimecheka mpaka mjukuu kaamka. Jenerali wa ofisini siku zote ni yule yule.

#11 Mzee wa Rufiji

Vijana mnaongea kama Waaustralia hatuwajui. Hawa walifika hapa hapa nyumbani. Meli yao ya kivita HMAS Pioneer ilikuja Februari 1915 kuziba pwani yetu, na mwezi Julai ilikuwepo mdomoni mwa Rufiji siku Waingereza wanaimaliza Königsberg, meli ya kivita ya Mjerumani. Mwaka 1916 ikapiga mizinga Dar es Salaam. Na meli aliyoizamisha Königsberg pale bandarini Unguja Septemba 1914, Pegasus, ni ndugu wa Pioneer, wa aina moja kabisa, na kabla ya hapo ilikaa miaka huko huko Australia. Mabaharia wake wamezikwa kwenye kisiwa kidogo mbele ya Mji Mkongwe.

Kwa hiyo mleta uzi usiseme ni vita ya mbali.

#12 Mgumu Mstaafu

Shikamoo mzee wangu. Hili la Pioneer nilikuwa silijui, nimelipokea kwa mikono miwili.

#13 Mzee wa Rufiji

Marahaba. Sasa fika kwa wabebaji wenyewe, umezunguka sana.

#14 Mgumu Mstaafu

Haya mzee.

Waaustralia waliwapa jina, malaika wenye nywele za timutimu. Wamesifiwa sana kwa mashairi na picha. Picha maarufu kuliko zote ni ya Krismasi 1942 karibu na Buna: askari George Whittington, macho yamefungwa kitambaa, anatembea kwa fimbo, na Mpapua Raphael Oimbari amemshika mkono, anamwongoza polepole kwenye nyasi. Whittington alipona macho, halafu Februari akafa kwa homa ya vichaka.

Lakini jina "malaika" lina ujanja ndani yake. Malaika halipwi, wala haulizwi kama anataka kuja. Juni 1942 serikali ya kijeshi ilitoa amri ya kuwachukua wanaume kwa lazima. Ujira ulikuwa kama shilingi kumi kwa mwezi. Vijiji vikabaki na wanawake na wazee wa kulima. Wengi walitoroka, na mimi siwalaumu hata kidogo. Ningetoroka wa kwanza. Daktari wao alikuwa Geoffrey Vernon, mzee karibu kiziwi aliyekuwa mkongwe wa vita ya kwanza. Aliandika kwa hasira kwamba wanabebeshwa kupita kiasi, wanalala bila blanketi kwenye baridi ya mlima na chakula chao ni wali mtupu.

Sasa chukueni watu hao, waliokokotwa, halafu muone walichofanya kwenye machela.

Machela yenyewe ni miti miwili na blanketi au gunia. Watu wanane kwa majeruhi mmoja, wanapokezana. Njia haina ngazi, ni mizizi na matope. Ukishuka na machela mlima mkali, wa mbele lazima anyanyue hadi juu ya bega na wa nyuma achuchumae, ili mgonjwa asiteleze kichwa chini. Niliwahi kumshusha mgeni kutoka Barafu hadi Mweka usiku. Tulikuwa sita, tuna machela ya tairi moja na njia iliyochongwa, na kesho yake sikuweza kunyanyua kijiko. Wale hawakuwa na tairi. Jioni wanamtafutia mgonjwa sehemu tambarare, wanamjengea kibanda cha majani kama mvua inakuja, wanamlisha, na wanalala wanne kila upande wake. Akijigeuza usiku, yupo aliyeamka.

Askari walioandika kumbukumbu zao wanarudia jambo moja: hawakusikia kwamba majeruhi aliye hai aliachwa na wabebaji wake, hata risasi zikiwa karibu.

#15 Kobe wa Pwani

Babu yangu alikuwa akisema Kariakoo haikuwa soko, ilikuwa kambi. Sasa ndiyo naelewa alichokuwa anasema.

#16 Mzee wa Rufiji

Alikuwa anasema kweli. Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi zote zimetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wabebaji wa vita ya kwanza. Mababu zetu walikufa humo kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na njaa kuliko risasi. Na hesabu ya mzigo ilikuwa hiyo hiyo aliyoieleza huyu kijana, mbebaji anakula alichobeba.

#17 Mtoa Hoja

Walipewa nini baada ya vita hao Wapapua? Medali? Kiinua mgongo?

#18 Mgumu Mstaafu

Wabebaji? Karibu hakuna. Papua ilikuwa na askari wake pia, na Sajenti Katue alipata Nishani ya Kijeshi mwaka 1942, Mpapua wa kwanza. Lakini huyo alishika bunduki. Kwa wabebaji, serikali ya Australia ilianza kutoa medali ndogo ya kumbukumbu mwaka 2009. Wengi walikuwa wamekufa, walipokea wajukuu.

Na msidhani ubaguzi uliishia Papua. Reg Saunders, Mwaborijini, alipigana Afrika Kaskazini na Ugiriki, alijificha Krete karibu mwaka mzima mikononi mwa wanavijiji, akaenda New Guinea. Mwaka 1944 akawa Mwaborijini wa kwanza kupewa kamisheni ya uofisa, na mwaka 1951 aliongoza kombania ya askari kule Kapyong, Korea. Mtu huyo, katiba ya nchi yake ilisema watu wake wasihesabiwe kwenye sensa. Kifungu hicho kilifutwa 1967.

Chokoleti nao? Batalioni ya 39 ilirudishwa vitani Desemba kule Gona. Ilipotoka, walioweza kusimama gwaride walikuwa 32. Julai 1943 ikavunjwa kabisa, waliobaki wakagawanywa kwenye vikosi vingine.

#19 Kijana wa Gallipoli

Nimechelewa, nilikuwa kazini. Mleta uzi umenipita Gallipoli haraka mno! Mnajua walivyotoroka kule Desemba 1915? Kuna koplo mmoja, William Scurry, alitega bunduki kwa makopo mawili: kopo la juu limetobolewa, maji yanadondokea kopo la chini, la chini likijaa linaanguka na kuvuta kamba ya kifyatulio. Bunduki zinalia zenyewe huku watu wameshapanda boti, miguu imefungwa magunia isisikike. Mturuki alfajiri akakuta mahandaki matupu.

#20 Mgumu Mstaafu

Fungua uzi wake, hiyo inastahili. Nitakuja kuchangia.

#21 Bibi Mkorofi

Mwanangu, nina swali moja tu kisha nikalale. Yule mzee wa Barranco, baba yake aliwajua majina waliombeba?

#22 Mgumu Mstaafu

Bibi, na mimi nilimuuliza hivyo hivyo tukiwa tunashuka Mweka. Akasema hapana, hata jina moja. Baba yake alizeeka na kufa akikumbuka kwamba mmoja wao alikuwa na kovu kwenye kiwiko, kwa sababu kiwiko ndicho alichokuwa anakiona siku zote akiwa amelala chali.

Getini tukapewa tipu, tukasaini. Mzee akatoa daftari lake dogo, akaomba aandike majina yetu, yote kumi na moja, na majina ya baba zetu, akawa anauliza herufi moja moja. Mpishi akampa jina la uongo. Alidhani ni mambo ya kodi.